Sauti Arobaini na Moja za Mama

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya tangu asubuhi. Mvua. Kiatu cha kushoto kinavuja. Masjala inanuka karatasi zilizolowa. Nimekula mkate mkavu nyuma ya kabati la majalada yaliyofungwa, nikiyatafakari maisha yangu. Miaka kumi na tisa kwenye masjala ya idara ya maji, na hakuna aliyewahi kuniambia asante. Tarishi aliniambia mara moja, kumbe alikuwa anamwambia mtu aliyesimama nyuma yangu.

Jioni nimepitia kwa Dada. Jumapili hii mwaka unatimia tangu Mama atutoke. Ndugu watakusanyika kwake, watakula, kisha watasikiliza sauti. Dada alimrekodi Mama kwa simu miezi yake ya mwisho, vipande arobaini na moja. Alivyokutana na Baba. Wimbo aliouimba akifagia. Dawa ya kikohozi. Majina ya wazee wetu mpaka babu wa saba. Kisha simu ikaanguka ikapasuka, ikawa haiwaki. Bahati nzuri, Shemeji alikuwa ameshavitoa vyote akaviweka kwenye flashi moja nyekundu, na flashi hiyo nayo imeshafuliwa ndani ya mfuko wa suruali. Nakala nyingine hakuna. Dada anaiweka kwenye kopo la vifungo, kando ya cherehani yake.

Mimi sijasikiliza hata kimoja. Mwaka mzima najiambia kesho. Wakati Mama anarekodiwa nilikuwa na mradi wa uyoga, nje ya mji, na kila wiki nilimpigia simu kumwambia nakuja. Uyoga ukaoza wote. Nikafika asubuhi, yeye alikuwa ameondoka alfajiri. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Ninachotaka kuandika ni hiki. Dada amesema sauti zihamie kwenye kompyuta kabla flashi haijafa, na wa kuzitunza ni Shemeji. Shemeji! Mumewe, fundi wa printa! Na sababu ni nini? Eti anajua dirisha jeusi. Wenzake wanabonyeza vipicha, yeye anaandika maneno, herufi nyeupe gizani, na mashine inamtii. Mama alikuwa akimwita Daktari. Mimi aliniita "wewe."

Nimeamua. Mtunzaji wa sauti za Mama nitakuwa mimi. Kutunza ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 4 Juni

Hila ya kwanza: kumnyonya adui maarifa yake. Nimemwomba Shemeji anifundishe hilo dirisha jeusi. Nikasema ni mambo ya ofisi. Akafurahi mpaka nikaona haya. Laptopu ninayo, ile iliyofutwa kwenye orodha ya vifaa vya idara, yeye mwenyewe aliifufua mwaka jana. Kipanya chake kilishakufa, kwa hiyo ni kuandika tu, utake usitake.

Somo lilichukua saa nzima. Ukiandika mkdir na jina, unapata folda mpya yenye jina hilo. Ukiandika cd na jina, unaingia ndani ya folda. Ukiandika pwd, mashine inakwambia umesimama wapi. Hilo la tatu alilirudia mpaka likanichosha. Kila mara jiulize umesimama wapi, akasema. Ukitaja jina tupu, mashine inatafuta hapo hapo uliposimama, haichungulii chumba cha pili. Ukitaka kitu kilicho kwingine, taja njia nzima, kuanzia kwenye mzizi, mlango kwa mlango. Akanichorea nyumba yenye vyumba nyuma ya bahasha. Chumba ndani ya chumba, na mishale.

Nimeitikia kwa kichwa. Moyoni nimecheka. Miaka kumi na tisa sijawahi kujua jalada gani liko kabati gani! Naandika jina la jalada kwenye kikaratasi, nampa Tarishi, Tarishi analileta. Jina likiwa sahihi, jalada linakuja. Shemeji anatia chumvi ili ujuzi wake uonekane mgumu.

Alipoondoka nikajaribu mwenyewe. Nikaandika mkdir Sauti za Mama Mpendwa. Lo! Nimeomba folda moja, nimepewa nne. Moja Sauti, moja za, moja Mama, moja Mpendwa. Mashine ina ukarimu kuliko ndugu zangu. Nimechagua ile inayoitwa Mama. Zile tatu nimeziacha za akiba.

Jumatano, 5 Juni

Ofisini balaa. Tarishi hakuja, goti limevimba. Saa tatu mhandisi kaja anataka jalada la bomba kuu la mashariki. Nikaandika jina kwenye kikaratasi, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikabaki nacho mkononi. Watu watatu tumelitafuta mpaka saa tisa. Limepatikana kwenye kabati la maombi ya likizo, chini ya mwavuli wa mtu. Mhandisi amenisema mbele ya watu kwamba mtu wa masjala asiyejua jalada liko wapi ni sawa na mlinzi aliyelala. Nimemjibu kwamba jina nilikuwa nimelitaja sawasawa. Akaondoka bila kuaga.

Hila ya pili, hata hivyo, imepita. Shemeji lazima awe mbali wiki hii. Nina rafiki niliyesoma naye, sasa karani mkuu wa chuo kimoja huko nje ya mji, na printa zake kumi na mbili zimelala. Nimempigia simu nikamsifia Shemeji mpaka nikajichukia. Fundi hodari, mwaminifu, hana mfano. Amemwita aanze kesho, arudi Jumamosi usiku.

Dada kanipigia kunishukuru. Amesema hakujua kwamba nampenda mumewe kiasi hicho. Shemeji naye akaichukua simu, akanishukuru mara tatu. Sasa wote wawili wananiona malaika, na Shemeji ameongezeka heshima mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kaondoka na kisanduku chake cha vifaa. Sikukawia. Jioni nikawa kwa Dada, nimekaa kando ya cherehani, nikamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba flashi iliyowahi kulowa huoza polepole kwa ndani. Siku yoyote unaichomeka, unakuta kimya. Nimeyabuni mimi mwenyewe hayo, lakini nilipoyasema hata mimi niliogopa.

Dada akaacha kushona. Akasema mumewe alikuwa ameahidi kufanya kazi hiyo leo, ila ndiyo hivyo kaitwa. Nikasema haya mambo hata mimi nayaweza, nimefundishwa na fundi mwenyewe. Akanitazama kwa muda mrefu, yale macho ya Mama kabisa. Kisha akalimwaga kopo la vifungo mezani, akaitoa flashi.

Akanipa sharti moja. Nakili, usihamishe. Sauti zibaki kwenye flashi vilevile, na nakala iingie kwenye kompyuta. Shemeji alikuwa ameacha kikaratasi chenye amri yenyewe, imeandikwa kwa herufi kubwa, cp na njia nzima kuanzia mzizi. Mistari ya mshazari mingi kama uzio. Flashi yenyewe Dada aliishika kwa mikono miwili kabla ya kuniachia. Akasema picha za Mama ziko nyingi, lakini sauti yake haipo mahali pengine popote, na yeye akizidiwa na upweke anachagua kipande kimoja anakisikiliza huku anashona. Nikamwambia aondoe shaka. Nilijisikia vibaya njia nzima mpaka nyumbani.

Nilipofika nikakisoma kile kikaratasi vizuri, nikaiona hatari. Kunakili kunaacha sauti kwenye flashi. Shemeji atarudi, naye atanakili, na mtunzaji atakuwa yeye, mimi nitakuwa mtu aliyemsaidia. Ng'o! Masjala jalada ni moja tu. Likiwa mawili, hakuna anayejua la kweli ni lipi, na huo ndio mwanzo wa fujo. Kuna amri nyingine aliyonionyesha Shemeji, inaitwa mv, inahamisha. Nikihamisha, sauti za Mama zitakuwa kwangu peke yangu. Kila mwaka watakuja hapa. Watabisha hodi. Mama Mdogo atanibembeleza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeaga ofisini saa sita, nikisingizia tumbo. Nimefunga mlango. Laptopu nimeiweka juu ya meza ya kupigia pasi, maana meza nyingine sina. Flashi nikaichomeka kwa uangalifu, nikaingia ndani yake kwa cd. Zote zilikuwepo, zimejipanga kama watoto wa shule: sauti01, sauti02, mpaka sauti41. Nikaziangalia kidogo.

Pwd sikuandika. Nimesimama wapi? Nimesimama nyumbani kwangu, mbele ya meza ya pasi!

Nikaandika mv sauti01 Mama. Nikabonyeza. Mashine haikusema kitu. Nikaandika mv sauti02 Mama. Kimya. Shemeji aliwahi kunionyesha njia ya mkato ya kuzihamisha zote kwa mpigo mmoja, nikaikataa. Mtu wa masjala husajili moja moja. Nimeandika mstari ule mara arobaini na moja, na kila mara nikisema kwa sauti ya chini, nenda kwa Mama. Namba kumi na saba nilisimama kidogo. Mama Mdogo anaingoja hiyo kwa hamu, maana wanasema ndani yake Mama anaeleza nani hasa alipoteza hereni za bibi. Ugomvi wa miaka thelathini na minane. Nikaihamisha nayo.

Saa kumi nimemaliza. Nikaiambia mashine inionyeshe kilichobaki kwenye flashi. Ikaandika neno moja tu: Mama.

Nimelia kidogo, niseme ukweli. Folda yangu imenifuata mpaka huku! Nimeitaja jina ikaja yenyewe, kama ninavyosema siku zote. Sauti zote ziko ndani ya Mama, salama. Nimepika chai, nimekunywa nimesimama dirishani, nikawaza nisikilize japo kimoja. Sikuweza. Kesho.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwisha.

Asubuhi nilitaka kuingia kwenye folda nihesabu. Nikaandika cd Mama. Mashine ikajibu kwamba Mama si folda. Nikarudia. Ikajibu vilevile. Nikarudi kwenye nyumba ya laptopu, pale nilipotengeneza zile folda nne Jumanne, nikaingia Mama kwa urahisi kabisa. Ndani hakuna kitu. Nikaingia Sauti. Hakuna. Mpendwa, hakuna. Nikaingia mpaka kwenye za. Tupu!

Nikakaa chini sakafuni. Bahasha ya Shemeji ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti. Nikaitazama ile nyumba yake na mishale yake, na kidogo kidogo nikaanza kuelewa. Folda iko chumba hiki. Mimi jana nilikuwa nimesimama chumba kile, ndani ya flashi, ambako hakuna folda yoyote inayoitwa Mama. Mashine ilidhani naibadilisha sauti01 jina, ikaiita Mama. Ikaja sauti02, nayo ikaitwa Mama, na ya kwanza ikatupwa. Ikaja ya tatu, ya pili ikatupwa. Nimesimama pale saa tatu nzima nikimfuta mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, kipande kwa kipande, tena kwa mwandiko mzuri. Imebaki moja tu, ya arobaini na moja, kwa sababu haikuwa na wa kuitupa.

Nilitazama ukuta.

Kisha akili ikarudi, na ingekuwa heri isingerudi. Nikawaza: kesho watu watasikiliza ngapi? Moja. Mbili. Watalia, chakula kitaletwa, mazungumzo yatahamia kwenye magoti ya Mama Mdogo. Nani atakaa asikilize arobaini na moja? Kinachotakiwa ni flashi ionekane imejaa. Basi ile moja iliyobaki nikainakili mara arobaini, pamoja nayo zikawa arobaini na moja. Sasa amri ya kunakili nimeitumia, Dada asiseme sikuitumia. Nikazipa majina yake ya zamani, sauti01 mpaka sauti41. Zikajipanga kama mwanzo. Ukizitazama tu, huwezi kujua. Yenyewe sikuisikiliza. Ningesikilizaje?

Saa nane nikampigia Shemeji, huko chuoni. Nikamwambia kuna mwenzangu ofisini, mjinga mmoja, amefuta vitu kwenye flashi yake kwa amri ya mv. Shemeji akacheka, akasema mwambie asiwe na wasiwasi. Kilichofutwa hakiondoki saa ileile, kinabaki chini chini, na yeye anaweza kukitoa chote kwa nusu saa. Sharti ni moja. Mwenzangu asiandike kitu kipya juu ya flashi hiyo, hata herufi moja, maana kipya kinafukia cha zamani.

Nikauliza, je, kama ameshaandika kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema mtandao unakatika.

Saa kumi na moja nimempelekea Dada flashi. Akauliza kama zimo zote. Nikasema zimo, arobaini na moja, nenda kahesabu. Akanishika bega. Amesema Mama angefurahi leo. Nimetembea kurudi nyumbani nikitamani nigongwe na baiskeli, isiwe kubwa, ya kunilaza hospitali siku mbili tu.

Jumapili, 9 Juni

Naandika ili yatoke.

Nilikwenda. Nilifikiria kuugua, lakini Dada angekuja kunitazama. Sebule imejaa. Mashine ya kushonea imesukumwa ukutani, viti vya kuazima. Shemeji kaunganisha flashi kwenye spika. Akanipa mkono mbele ya wote, akasema chuo kimempa kazi ya mwaka mzima na yote ni kwa sababu yangu. Watu wakapiga makofi. Mama Mdogo, ambaye ni mdogo wake Mama kweli na ulimi wake ni mkali kuliko wembe, alikuwa kwenye kiti cha mbele, amejipanga, anasubiri hereni.

Dada akasema tuanze na ya kwanza, ile Mama anavyosimulia alivyokutana na Baba. Akabonyeza.

Sauti ikatoka, imechoka, ya karibu kabisa. Mwaka mzima nilikuwa nimeisahau jinsi anavyovuta pumzi kabla ya neno.

"Mdogo wako amekuja?"

Dada, ndani ya sauti, akajibu kwamba yuko njiani.

"Yuko njiani." Mama akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Huyo yuko njiani tangu nimzae. Sasa sikia. Akifika mpe chakula kwanza, ndiyo umgombeze. Tumbo tupu halisikii. Na msimpe kitu cha thamani akishike, mtoto yule ana pupa. Lakini msimwache. Umenisikia? Msimwache. Haya, zima hicho kidude ukalale."

Sebule yote ikacheka, Mama Mdogo kuliko wote. Wakanigeukia, wengine wananifuta machozi, wengine wananipiga mgongoni. Dada akasema ajabu, hiyo ni ya mwisho kabisa, ya jioni ile kabla hajaondoka, labda zimechanganyika namba. Mama Mdogo akasema basi weka kumi na saba, mimi sina muda, nataka hereni.

Dada akaweka kumi na saba. Mdogo wako amekuja? Yuko njiani.

Akaweka ya pili. Mdogo wako amekuja? Akaweka ya tisa, ile ya wimbo wa kufagia. Mdogo wako amekuja? Kicheko kikapungua, kikaisha. Akaweka thelathini. Akawa anabonyeza moja baada ya nyingine, hangoji hata ifike mwisho, na Mama anauliza, anauliza, kila mara kwa pumzi ileile, kama nimekuja.

Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Lakini niseme kweli hapa ambapo hakuna anayesoma: mara ya nne hivi nilitaka asibonyeze nyingine, aiache icheze mpaka mwisho.

Shemeji ndiye aliyeizima. Akaichomoa flashi, akaingia nayo chumbani kwenye mashine yake. Akatoka baada ya robo saa, akaniuliza polepole nilifanya nini. Nikamweleza. Kila kitu, mpaka zile nakala. Akasema chini hakuna kilichobaki, zimefukiwa zote. Kisha akasema jambo moja ambalo halijanitoka mpaka sasa. Ningekuwa mvivu, ningetumia ile njia ya mkato ya kuhamisha zote kwa mpigo, mashine ingekataa. Ingeniambia hakuna folda kama hiyo hapa. Nisingepoteza hata moja. Hakusema kwa ubaya. Alionekana kuumwa.

Mama Mdogo akasimama, akasema sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba sasa atakufa bila kujua habari za hereni. Akarudi kukaa, akaanza kulia kwa ndani, bila sauti. Sijawahi kumwona Mama Mdogo akilia hivyo.

Dada alikwenda jikoni. Nikamsikia akifungua sufuria. Akarudi na sahani, amejaza, akaiweka magotini pangu mbele ya watu wote.

"Kula kwanza," akasema.

Nikala. Alisimama pale pale mpaka nikamaliza. Kisha akanigombeza. Sitaandika aliyoyasema, yote yalikuwa ya haki. Alipochoka akakaa kando yangu kwenye kiti cha kuazima, bega kwa bega, na hakuhama mpaka watu wakaondoka.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbili sikuweza kuandika. Kazini nimekuwa kama maiti. Tarishi amerudi na goti lake, ameniuliza nani kafa. Nikamweleza kisa chote, naye akaniambia pole, na safari hii nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Lakini kuna habari! Jana Dada kanitumia chakula kwenye bakuli, na nilipompigia kumshukuru akanieleza. Ile simu iliyopasuka bado ipo. Ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya mabaki ya vitambaa. Shemeji kahangaika nayo siku mbili mpaka imewaka. Kioo kimevunjika na inazima kila baada ya muda, ila ndani yake amekuta zimesalia sauti tisa. Tisa! Wimbo wa kufagia umo. Kumi na saba imo. Mama Mdogo ameambiwa, eti amecheza pale pale alipokuwa amesimama. Shemeji amekwenda chuoni, atarudi Jumamosi na waya unaofaa kuzitoa. Mpaka hapo simu imefungiwa kabatini, na mtu yeyote haruhusiwi kuigusa. Dada alilitamka lile neno yeyote kwa namna fulani.

Nimefurahi mpaka nimekaa. Halafu nikaanza kufikiri.

Jumamosi ni mbali. Simu yenyewe inazimazima. Na Shemeji, kwa heshima zote, akizitoa yeye itakuwaje? Atakuwa Daktari tena, nami nitabaki yule aliyemfuta mama. Maisha yangu yote. Wajukuu watasimuliwa. Lakini nikizitoa mimi, nikatokea Jumamosi na sauti tisa mkononi, mambo yatakuwa sawa. Dada atanitazama kama alivyonitazama Jumamosi ile aliponishika bega.

Kosa langu nimelichambua kwa utulivu. Jina. Mama ni jina la watu wengi mno, ndiyo maana mashine ilichanganyikiwa. Safari hii nimechagua jina lisilo la mwingine, na folda nimeitengeneza kabla, siyo kwa pupa. Nimeitengeneza leo saa sita, kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo ni imara zaidi. Ipo pale, nimeiona kwa macho yangu. Kesho mchana Dada anapeleka sare alizoshona, nyumba itakuwa tupu. Funguo za kabati huwa kwenye kopo la vifungo. Kisingizio ninacho, bakuli lake sijalirudisha. Nitakwenda na laptopu yangu, nitaiunganisha simu, nitaandika mv na lile jina, moja moja, sauti zote tisa. Kunakili sitaki, nakala ndizo zilizotuponza.

Tarishi nimemweleza mpango wote, maana ni mtu wa siri. Akawaza kidogo, akaniuliza laptopu itaijuaje folda iliyoko ofisini. Nimemwambia asijali, jina nimeliandika sawasawa.